Matone Kwenye Shafti ya Boti

Msikilizaji mwenye boti ya injini ya ndani, leo tuinamie pale shafti inapotoka kwenye ngama kwenda kwenye propela. Pana kisanduku cha pakingi: kamba nene zilizosukwa, zikashibishwa grisi au nta, zinazobanwa na nati kubwa ili bahari isiingie.

Wengi wakiona tone hukaza nati mpaka pakauke kabisa. Hapo ndipo wanapoharibu. Maji hayo machache ndiyo yanayopoza na kulainisha pakingi. Shafti ikizunguka, matone mawili au matatu kwa dakika yanatosha. Ikisimama, yakome au yakaribie kukoma. Baada ya mwendo, zima injini, kisha gusa kisanduku kwa tahadhari. Kikiwa cha moto, umekaza mno, na shafti itachimbika mfereji ambao pakingi mpya haitauziba.

Ukikaza kidogo na maji bado yanamiminika, badilisha pakingi. Pandisha boti nchi kavu. Toa zote za zamani kwa kulabu. Usirundike mpya juu ya chakavu. Kata kila pete ya kamba mpya peke yake, ncha zake kwa mshazari, na maungio yasikae mstari mmoja. Kaza kwa mkono kwanza, umalizie boti ikielea.

Kama kisanduku kimeshikwa na mpira, kagua mpira huo na klampu zake. Ukipasuka, boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini. Nahodha, funua ngama yako kabla ya safari ya kesho.