Tarehe ya Upasuaji Ipangwe na Mwili: Maandalizi Kabla ya Kukaza Tumbo kwa Ajili ya Urembo

Hoja ninayoileta mbele ya semina hii ni kwamba upasuaji wa kukaza tumbo usipangiwe tarehe kabla mwili wa anayeutaka haujawa tayari. Mara nyingi mambo huanzia mwisho: mtu analipa, anapewa siku, ndipo anaulizwa kama anavuta sigara. Ubaya wa mpangilio huo unaonekana kwenye ngozi yenyewe. Daktari huchana chini ya kitovu kutoka nyonga hadi nyonga, huinua ngozi pamoja na mafuta yake hadi karibu na mbavu, hukaza misuli iliyoachana wakati wa ujauzito, kisha huivuta ngozi chini na kukata inayozidi. Ngozi iliyoinuliwa hivyo imepoteza mishipa mingi ya damu iliyokuwa ikiilisha kutoka katikati ya tumbo, na sasa inategemea ile ya pembeni. Nikotini huibana hiyo iliyobaki. Ndiyo maana wavutaji hutakiwa kuacha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, na shisha au ugoro havina msamaha. Asiyeacha anaweza kuiona ngozi ya chini ikigeuka nyeusi na kufa, akauguza kidonda kwa miezi.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Januari 2024, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kwamba Wamarekani 93 walifariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Katika vifo vilivyochunguzwa kwa kina, vingi vilitokana na mafuta au damu iliyoganda kuziba mishipa, na wengi wa marehemu walikuwa wanene kupita kiasi na walifanyiwa upasuaji zaidi ya mmoja kwa mkupuo. Inauma, kwa sababu unene, historia ya damu kuganda na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni ni mambo yanayojulikana kwa kuuliza na kupima tu.

Wapo watakaosema mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya mwili wake. Anayo, lakini uamuzi wa asiyeelezwa hatari zake una kasoro tangu mwanzo. Wengine watasema kuunganisha kukaza tumbo na kunyonya mafuta kunaokoa fedha na nusu kaputi ya pili. Kwa mwenye afya njema hoja hiyo ina uzito. Kwa mnene anayepanda ndege siku chache baadaye, saa nyingi mezani na saa nyingi kitini ni hatari juu ya hatari. Uzito upungue kwanza na utulie kwa miezi kadhaa, maana upasuaji huu si tiba ya unene, na anayetarajia kuzaa tena angoje. Napendekeza kliniki zisipokee malipo ya awali hadi vipimo vya damu, sukari na shinikizo vitakapokuwa vimesomwa na daktari wa usingizi, na zimrudishe nyumbani bila gharama yeyote ambaye bado hajawa tayari.