Matumizi Bora ya Karatasi Katika Nyaraka za Vyama
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama, Wingwi, Pemba)



Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana ushirika usiokuwa na karatasi. Lakini karatasi nayo ni mali ya wanachama. Hununuliwa kwa fedha zao, huvushwa bahari hadi Mkoani au Wete, kisha husafirishwa kwa barabara hadi Wingwi. Itumiwapo ovyo, ni hasara kama karafuu zilizoachwa majamvini zikanyeshewa.

Mathalani, chama chenye wanachama 120 hutoa waraka wa kurasa 4, uliopigwa chapa upande mmoja. Hapo hutumika karatasi 480, karibu rimu nzima. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina uzito wa gramu 5, hivyo mzigo wote ni kilo 2.4. Zikipigwa chapa pande zote mbili, karatasi zitakuwa 240. Na maneno yakifupishwa yakaenea karatasi moja, hesabu kamili ikabandikwa ubaoni na kusomwa mkutanoni, zitatosha karatasi 120 zenye uzito wa gramu 600.

Rejista nayo ipitiwe na Kamati kabla ya kila waraka, ili marehemu na waliohama wasiendelee kuandikiwa barua.

Hata hivyo, kubana matumizi kusimnyime mwanachama haki yake. Ziko nyumba ambazo mume na mke wote ni wanachama, kila mmoja na hisa zake. Jarida la habari laweza kusomwa na nyumba nzima. Taarifa ya mkutano mkuu yampasa kila mwanachama kwa jina lake. Mama alimaye mwani asiambiwe kuwa barua yake alipewa mumewe. Ujumbe wa simu nao huokoa karatasi, ila wasio na simu wapelekewe barua, na wasioweza kusoma wasomewe.

Karatasi chakavu zisizo na siri zishonwe kuwa madaftari ya rasimu. Zenye majina na madeni zisipewe wauza njugu. Ni fedheha mtu kusoma deni la jirani yake kwenye kifungio cha njugu. Nakala za ziada zichanwe vipande na kutiwa katika shimo la mboji. Daftari la fedha, rejista na kumbukumbu za mikutano zihifadhiwe, wala zisiguswe.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Tanzania Bara mwaka 2019. Kwa hiyo nyaraka zichukuliwe katika mfuko wa turubai, ambao hustahimili mvua za masika na hurudi ofisini kwa safari nyingine.

Mkaguzi afikapo chamani, katibu amwonyeshe mambo mawili: rejista iliyopitiwa, na daftari la sahihi za waliopokea taarifa. Idadi zake zikilingana, karatasi haikupotea, wala mwanachama hakusahauliwa.