Lugogo imechagua. Na aliyebaki?

Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi umeyasikia, na orodha za Lugogo, ambako wanafunzi wa sekondari huchaguliwa, umeziona. Walimu wakuu wamekaa, wamechagua, wameondoka. Shule ya Budo imepata wake, ya Gayaza imepata wake, za Kisubi na Namagunga vivyo hivyo. Swali letu katika kituo hiki ni moja: na aliyebaki?

Aliyebaki ni mtoto wa mitaa ya Kampala: wa Kawempe, wa Katwe, wa Kisenyi. Amepata agrigeti 9, na bora kabisa ni 4, katika shule ya UPE, ya elimu ya msingi kwa wote, ambako watoto wamebanana kwenye madawati, bila kochingi, bila kitabu cha kwenda nacho nyumbani. Mwenzake wa shule ya kulipia amepata 4, ameitwa. Yupi ana kipaji zaidi? Karatasi ya UNEB, baraza la mitihani, haiwezi kutuambia.

Na hata akipata 4, ataenda? Shule hizo kongwe zinasaidiwa na serikali, lakini zinadai zaidi ya shilingi milioni moja kwa muhula, godoro na sanduku bado. Mama anayeuza matoke Kalerwe atazitoa wapi? Nafasi inapotea, kipaji kinabaki mtaani.

Hatuzilaumu shule kongwe. Namilyango ya 1902, Gayaza ya 1905, Budo ya 1906 zimeilea nchi hii. Lakini Budo ilianza kwa ajili ya wana wa machifu, wakati shule zilikuwa za kuhesabika. Leo tuna sekondari kwa wote tangu 2007, tuna shule za sidi, yaani sekondari za serikali katika magombolola, na bado tunachuja watoto kana kwamba ni 1906.

Tunaambiwa wenye vipaji lazima wakusanywe pamoja kwa sababu maabara ni ghali. Ni ghali kweli. Lakini tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali amepandishiwa mshahara hadi milioni nne kwa mwezi, awe Budo, awe Kawempe. Mwalimu tunamlipa. Maabara hatumpi! Anachora jaribio la kemia ubaoni, watoto wananakili. Yule aliyeelewa tangu dakika ya kwanza anaambiwa akae kimya, awasubiri wenzake. Anasubiri miaka minne.

Kipaji hakihitaji bweni. Kinahitaji maabara, na mwalimu mwenye ruhusa ya kumpeleka mtoto mbele ya silabasi. Kololo, Kitante na Old Kampala ni shule za jiji moja. Kwa nini wanafunzi wao wepesi wa hisabati na fizikia wasikutane jioni katika maabara moja? Chuo Kikuu cha Makerere kiko pale mlimani, kimejaa wanafunzi wa ualimu. Kwa nini wasije kuwafundisha?

Wizara ya Elimu, anzeni na Kampala, anzeni muhula huu. Waheshimiwa wabunge, bajeti mnaipitisha kabla haijasomwa Juni: tafuteni neno maabara ndani yake, na msipoliona msiipitishe kimyakimya. Nanyi wazazi ambao watoto wenu hawakuitwa, msilie na orodha ya Lugogo. Mkutano wa shule ukiitwa, nendeni. Msiulize sare, msiulize basi la shule. Ulizeni maabara. Ulizeni mtoto anayemaliza zoezi kabla ya wenzake anapewa nini. Mkijibiwa hapewi kitu, rudini wiki inayofuata, wengi zaidi, mkaulize tena.