Wiki Mbili za Koshien

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana.)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya faida za michezo shuleni. Nilimjibu kwamba hotuba hiyo nimekwisha kuisikia mara nyingi katika ukumbi huuhuu, tena nikiwa nasinzia safu ya nyuma, na sioni sababu ya kulipiza kisasi kwa vijana hawa. Nikaomba niwasimulie mashindano ambayo sikucheza wala sikuamua. Nilikuwa shabiki tu.

Mwezi wa Agosti 2018 nilikuwa Kobe, nchini Japani, kwa mafunzo ya kazi. Siku ya kwanza niliingia katika duka la vyakula nikakuta muuzaji na wateja wote wamegeukia televisheni. Vijana wenye nguo zilizojaa vumbi walikuwa wakirusha mpira mdogo na kuupiga kwa gongo. Nilidhani ni timu za taifa. Nikaambiwa, la, hao ni wanafunzi wa sekondari.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Kwa ufupi, mtupaji husimama juu ya kichuguu kidogo na kumrushia mpira mpigaji wa upande wa pili. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo, na akirudi nyumbani salama ni bao. Mchezo una ngwe 9, na katika kila ngwe kila upande hupiga hadi watu wake 3 watolewe. Mengine nilijifunza kwa kuuliza majirani waliokaa karibu nami, ambao hawakujua Kiswahili, nami Kijapani changu kilikuwa cha kuombea maji.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1915. Tangu 1924 yanachezwa katika uwanja wa Koshien, kati ya Kobe na Osaka, na watu huyaita kwa jina la uwanja. Yamekatizwa na ghasia za mchele mwaka 1918, na vita vya dunia, na maradhi ya korona mwaka 2020. Kila mkoa hutoa shule moja, isipokuwa Tokyo na Hokkaido ambazo hutoa mbili mbili. Mwaka ule wa 2018 yalikuwa mashindano ya 100, kwa hiyo nafasi ziliongezwa zikawa 56. Lakini sikilizeni hesabu hii, maana mimi ni mtu wa hesabu za serikali: shule zilizoanza katika mikoa zilikuwa 3,781. Ukifungwa mara moja unarudi nyumbani, hakuna kukata rufaa. Basi shule 3,780 zilimaliza kiangazi kile kwa kufungwa.

Kila mchezo huanza na kuisha kwa king'ora. Ukiisha, timu mbili hupanga mistari na kuinamiana. Washindi huimba wimbo wa shule yao huku bendera yao ikipandishwa. Wale walioshindwa huenda kuwainamia mashabiki wao, kisha wengi hupiga magoti na kuzoa udongo wa uwanja kwa mikono, wakautia katika mifuko ya viatu na kwenda nao kwao. Mwaka 1958 ilifika shule ya Shuri kutoka Okinawa, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Marekani. Vijana walipofika bandarini kwao, maofisa wakasema udongo wa nchi ya kigeni hauruhusiwi kuingia, ukatupwa baharini. Mimi mtumishi wa serikali naijua kanuni ile, na sina hakika kwamba ningethubutu kuivunja. Wahudumu wa ndege waliosikia habari hiyo waliwapelekea vijana wale vijiwe kutoka Koshien, maana kanuni ilikataza udongo, haikutaja mawe.

Sasa shabiki asiye na timu ni mpita njia. Nilitafuta timu, nikaipata kwa sababu ya kizalendo kabisa: shule ya kilimo ya Kanaashi, kutoka Akita, kaskazini kwenye theluji. Shule ya serikali, ya kufuga nguruwe na kulima, dhidi ya shule kubwa za binafsi zinazokusanya vipaji nchi nzima. Ninyi mliopalilia shamba la shule hii pamoja nami mnajua kwa nini moyo wangu ulikwenda huko. Walikuwa na wachezaji 9 walewale tangu mkoani, hakuna aliyebadilishwa, na mtupaji mmoja, Yoshida Kosei. Walipozidi kushinda, fedha za nauli na malazi zilikwisha, maana hakuna aliyetazamia kwamba wangekaa huko muda mrefu hivyo. Ikabidi wahitimu wa zamani wapitishiwe mchango. Walitoa. (Mweka Hazina wetu amenitazama, naendelea.)

Jumamosi ya tarehe 18 Agosti nilikwenda uwanjani kwa treni tangu alfajiri, nikakata tiketi ya viti vya nje. Siku hiyo kulikuwa na robo fainali zote nne, na Kanaashi walikuwa wa mwisho, jioni, dhidi ya shule ya Omi. Jua la pale, ndugu zangu, msilicheke. Nilimaliza chupa nane za maji. Ngwe ya mwisho ilipofika Kanaashi walikuwa nyuma 1 kwa 2, lakini vituo vyao vyote vitatu vilikuwa na watu. Kila mtu alingoja pigo kubwa. Mpigaji akauegemeza gongo tu, mpira ukaanguka karibu na miguu yake kama embe lililoiva. Wa kituo cha tatu akafika nyumbani, wakawa sawa. Mlinzi akaurusha mpira kwingine kumtoa mpigaji, na wakati huohuo yule wa kituo cha pili, ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, alikuwa amekwisha kuondoka mbio. Akajitupa kwa kifua. Tatu kwa mbili, mchezo umekwisha. Mzee aliyekaa kushoto kwangu alinikumbatia akilia, nami nililia, na mpaka leo sijui jina lake. Vijana wa Kanaashi waliimba wimbo wa shule yao wakiwa wameinamisha migongo nyuma hadi nyuso zikaelekea mbinguni. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba siku ya ushindi ule nguruwe wa shule alizaa watoto tisa.

Nusu fainali waliishinda shule ya Nichidai Sanko 2 kwa 1. Shule ya Akita ilikuwa haijafika fainali ya kiangazi tangu yale mashindano ya kwanza kabisa ya 1915, ilipofungwa na shule ya Kyoto.

Fainali ilikuwa Jumanne tarehe 21, dhidi ya Osaka Toin. Mkufunzi wetu alikuwa mtu wa ratiba, lakini mchana ule alifunga kitabu, akatupeleka ukumbi wa chakula kwenye televisheni. Yoshida alikuwa ametupa tarehe 17, tarehe 18 na tarehe 20, michezo mizima. Ilionekana mapema kwamba mkono umekwisha. Baada ya ngwe 5 alikuwa ameruhusu mabao 12. Akaondoka kwenye kichuguu, akaenda kusimama kule mbali upande wa kulia, na mwenzake akashika mpira. Ilikwisha 13 kwa 2. Alikuwa ametupa mara 881 katika mashindano hayo. Hili silisifu. Kijana wa sekondari si punda, na nilifurahi niliposoma baadaye kwamba tangu 2020 mtupaji mmoja haruhusiwi kupita mara 500 katika wiki moja. Watu wazima waliokuwa wakipiga makofi, mimi nikiwamo, tulikuwa na sehemu yetu katika mkono ule.

Lakini nilimtazama tangu alipoondoka kwenye kichuguu hadi king'ora, nikingoja kitu fulani. Nilingoja nione nani atamgeuzia uso. Mabao 12! Alilia, na wenzake walikuwa naye. Walipanga mstari pamoja, wakainama pamoja.

Hapa nifungue mfuko wangu. Mwaka 1997 nilikuwa kiranja wa michezo wa shule hii, nami nilicheza nafasi ya beki wa kati. Tulifika fainali ya wilaya, mvua ilinyesha, tukafungwa moja bila dakika za mwisho. Mpira ulimponyoka golikipa wetu mikononi. Kwenye lori hakuna aliyeimba. Yeye alikaa peke yake juu ya tairi la akiba. Usiku ule bwenini alipewa jina la Sabuni, na jina hilo lilimfuata hadi kidato cha nne kikaisha. Hakudaka tena. Wengi wenu mliokuwapo mnalikumbuka jina, na baadhi yenu mmelitumia leo asubuhi pale getini, kwa mzaha.

Aliyelitunga ni mimi. Tena sikulitunga kwa utani. Kabla mpira haujamfikia ulikuwa miguuni mwangu. Nilitaka kumpiga chenga mshambuliaji wao, kwa sababu kulikuwa na watu niliotaka wanione. Aliunyang'anya, akapiga shuti hatua nane kutoka golini, kwenye matope. Hakuna golikipa wa wilaya ile angeudaka. Niliona kwamba watu wameona mikono yake na hawakuona miguu yangu, nikanyamaza, kisha nikahakikisha wanaendelea kutazama mikono.

Nilikaa katika ukumbi ule wa Kobe hadi watu walipoondoka wote. Miaka 21 ilikuwa imepita.

Ninyi vijana mtaniuliza kama besiboli ipo kwetu. Ipo. Desemba ya mwaka huohuo wa 2018 ulifunguliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani, nao umepewa jina la Koshien. Mwalimu wa michezo akitaka kuwapeleka mkatazame, basi nitalilipia mimi, na jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Golikipa wetu yupo hapa. Amekaa safu ya nne karibu na dirisha, na sasa hivi anatazama sakafu. Ndugu yangu, mpira ule nilinyang'anywa mimi. Nimelisema mbele ya wale walioambiwa vingine.

Ndugu Mwenyekiti, naiona saa yako. Naomba kiti kile kilicho wazi karibu naye, kabla chai haijaletwa.