Kitabu Kimoja, Wasikilizaji Wengi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Masasi)



Tumependa kunena juu ya jambo dogo, nalo ni kusoma kitabu kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani. Sisi makarani hushinda na karatasi mchana kutwa, na jioni kitabu tulicho nacho hufungwa sandukuni, au husomwa kimya pembeni, huku wazee na watoto wameketi uani wala hawana habari nacho.

Mwajua ya kuwa mwaka 1876 Askofu Steere alifika Masasi kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Miaka sita kabla ya hapo, yaani 1870, alikwisha kupiga chapa London kitabu cha hadithi za Kiswahili. Hakuzitunga yeye, alizipata vinywani mwa watu wa Unguja. Kitabu kile kilikuwa sauti kabla ya kuwa karatasi. Basi asomaye kwa sauti hafanyi jambo geni, bali airudisha hadithi barazani ilikotoka.

Tena iko haja iliyo karibu zaidi. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi, wanaume kwa wanawake, walijifunza kusoma ukubwani. Watu wale leo ni wazee. Herufi wazijua, lakini macho yamefifia. Je, yafaa waachwe tena gizani, na hali mjukuu arudi shuleni na kitabu mkononi?

Wengine watasema watoto watachoka na wazee watasinzia. Na wasinzie! Huko Newala, juu ya uwanda, ambako akina mama wa zamani walishuka bondeni kabla ya jua kuchomoza kutafuta maji, nani atamlaumu bibi akilala katikati ya jamaa zake huku asomewa?

Wala mzee si msikilizaji tu. Someni habari za Magwangwara walivyoipiga Masasi mwaka 1882, hata baadhi ya watu wa misheni wakahamia Newala. Pengine mzee atamkatiza msomaji, aseme kwamba yeye alielezwa vingine na babu yake. Hapo kitabu kifungwe kidogo, asikilizwe, maana huenda maneno yake hayajaandikwa popote. Na neno la Kiswahili likiwa gumu, bibi ataligeuza kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua, mtoto apate maneno mawili kwa moja.

Vitabu haviko mbali. Ndanda, humu humu Masasi, Wabenediktini wamepiga chapa vitabu vya Kiswahili. Naye Bwana Martin Kayamba, aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali Tanga mwaka 1922, aliandika habari za safari yake ya Uingereza ya mwaka 1931. Kitabu chake kilitoka 1932. Karani mwenzetu yule hakuandika ili asomwe na makarani peke yao.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama alete kitabu kimoja katika mkutano ujao. Katibu atakiandika daftarini, na mwenye kukiazima atakaa nacho mwezi mmoja. Siku ya kukirudisha hataulizwa kama amekisoma. Ataulizwa ni nani waliomsikiliza, na walisema nini.