Kwa Nini Tusome Mazingira Kambini



Leo, tarehe 5 Juni, tunakumbuka Mkutano wa Stockholm uliofunguliwa siku kama hii mwaka 1972. Nimeombwa niseme juu ya somo la mazingira katika madarasa ya juu ya sekondari. Mzazi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mtoto wangu atakula mazingira?" Namjibu mbele yenu.

Mwaka 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili hivi. Mwaka huo huo kambi zilijaa kandokando ya Goma. Msitu wa Virunga ukakatwa kuni, na hifadhi hiyo ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Watu wale walikuwa na njaa, na maharage hayaliwi mabichi. Lakini miti ya karibu ikiisha, mama hwenda mbali zaidi, na huko mbali hatari humngoja.

Hilo ndilo somo letu. Wanafunzi hupima mraba wa mita 10 kwa 10, wakahesabu visiki na machipukizi. Wamejifunza kwamba miti mingi ya miombo huchipua tena kisikini ikikingwa na moto. Basi anayeng'oa kisiki amemaliza akiba. Wamepima kuni mbichi na kavu, wakaona kwamba kuni mbichi hupoteza joto kwa kukausha maji yake kwanza. Hiyo ni biolojia, fizikia na hesabu. Tena ni chungu cha mama kuiva mapema: kuni zilizoanikwa, maharage yaliyolowekwa, sufuria iliyofunikwa.

Katika darasa langu yuko msichana anayekitambua kila kisiki ni cha mti gani, kwa kuwa huenda kuni mara tatu kwa juma. Siku hizo hayupo darasani. Anayelijua somo kuliko wote ndiye anayelikosa.

Kwa hiyo naomba jambo moja: katika kila nyumba, zamu ya kuni iwahusu wavulana pia, na waende kwa makundi.

Mzee wangu, mtoto hatakula mazingira. Lakini bila kuni, mgawo wetu utabaki mbichi.