JOTO LISILO NA HATARI KATIKA KARAKANA

Wanafunzi wa kisomo, fungueni madaftari yenu. Andikeni maneno matatu: mkaa, hewa, dirisha.

Mwezi wa Juni na wa Julai, Njombe huwa na baridi kali. Tuseme fundi seremala ana karakana ndogo nyuma ya nyumba yake. Asubuhi vidole vimekufa ganzi, hata randa haishikiki. Afanyeje? Awasha jiko la mkaa nje, angoja moshi uishe, kisha aliingiza ndani na kufunga mlango. Asema, "Moshi umekwisha, hatari imekwisha."

Hapo ndipo anapokosea. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, yaani hewa ituwekayo hai. Kwanza kichwa huuma. Kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu hulegea. Mwisho mtu husinzia, na asipotolewa upesi hufa. Watu wengine huweka sufuria ya maji juu ya jiko. Maji hayaondoi sumu hiyo.

Ukiona dalili hizo, toka nje mara moja. Mwenzako naye mtoe, kisha mpelekeni hospitali.

Jiko la mafuta ya taa nalo lisiwashwe katika chumba kilichofungwa. Tena karakana ina vumbi la mbao, vanishi, na pengine petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto.

Basi tuchague nini? Shikeni kanuni hii: kinachotupa joto kisiunguze kitu ndani ya chumba.

Mwenye umeme anunue hita yenye mafuta yaliyofungwa ndani. Mafuta hayo hayaungui wala hayaongezwi. Hupashwa moto tu na umeme. Asichague ile yenye waya mwekundu unaowaka. Hapa ndipo kusoma kunapofaa: soma kibandiko cha hita. Kikisema wati 2000, hita hiyo ikiwaka kwa nguvu zote hula uniti 2 kwa saa moja. Ichomeke ukutani yenyewe, si kwenye waya mrefu pamoja na vyombo vingine. Iwe mbali na mbao na maranda, mita moja au zaidi. Ukitaka kupaka vanishi, izime kwanza, ufungue dirisha. Ukiondoka, izime.

Asiye na umeme aache jiko nje, aote moto huko huko. Avae sweta, azibe nyufa zinazopitisha upepo, na kazi ya asubuhi aifanye juani. Joto litakuwa dogo, lakini jioni atarudi kwa watoto wake.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari:

1. Kwa nini pua haiwezi kutuonya juu ya sumu ya mkaa?
2. Dalili ya kwanza ni ipi?
3. Hita izimwe wakati gani?

Someni majibu yenu mbele ya wenzenu, na nyumbani mwaelezeni wasiojua kusoma. Kwaherini.